Mstari Chini ya Ulimi

Mwalimu aliyenifundisha kuchora meno ya bandia tulimwita Bi Kulabu. Alijua, na hakukasirika. Kulabu ni ule mkono mdogo wa chuma unaokumbatia jino lililobaki ili bandia isidondoke mwenyewe akicheka. Naye alikuwa mrefu, mwembamba, ameinama kidogo mabegani, na akikushika kwa kosa basi umeshikwa. Nimefundishwa na watu wenye vyeo vikubwa kuliko chake, na wengi wao nimeshawasahau hata sura. Yeye sijamsahau, na si kwa mapenzi peke yake. Siku moja alinipeleka mahali nikaona jambo ambalo mpaka leo sina pa kuliweka.

Darasa lake lilikuwa chumba kirefu chini ya ngazi za jengo la nyuma la chuo cha udaktari wa meno. Kulikuwa na meza moja ndefu yenye makovu ya visu, sinki lililoziba kwa plasta kila wiki, na harufu ya nta iliyoyeyushwa. Ukuta mmoja wote ulikuwa kabati la vioo, na ndani ya kabati kulikuwa na vinywa. Yaani modeli za plasta za vinywa vya wagonjwa, mataya ya juu na ya chini, meupe ya jana na ya manjano ya zamani, mamia kwa mamia, yote yako wazi na hakuna hata moja linalosema neno. Mfagizi alikuwa akifika mlangoni anageuza ufagio wake anarudi. Sisi wanafunzi, kwa kujifanya mashujaa, tulikuwa tukiingia tunapiga salamu, "Hamjambo humo kabatini!" Mmoja wetu akaapa siku moja kwamba alijibiwa. Tulimcheka sana, lakini tangu hapo salamu zikapungua.

Bi Kulabu hakuruhusu mtu aguse penseli kabla hajasoma kinywa. Ndivyo alivyokuwa akiita: kusoma. Anachukua modeli moja kabatini, anaizungusha mezani, na kila mtu lazima aseme jambo moja ambalo plasta inalisema.

"Huyu anatafuna upande wa kulia tu," atasema mmoja.

"Umejuaje?"

"Magego ya kulia yamelika, ya kushoto bado yana milima yake."

"Haya. Mwingine."

"Huyu ni fundi seremala. Anashika misumari kwa meno ya mbele, kuna pengo dogo la mviringo."

"Hapo sawa. Na wewe Mbishi?"

Mbishi ni mimi. "Huyu hana furaha, Mwalimu."

"Hiyo umeisoma wapi?"

"Nimeihisi tu."

"Plasta haina habari na hisia zako. Sema unachokiona, au kaa kimya mwenzako aseme."

Baada ya hapo ndipo zilipotoka penseli, tukachora juu ya plasta yenyewe. Nyekundu kwa vikalio, yaani vile vishimo vidogo vinavyochongwa juu ya jino ili chuma kipate pa kuketi. Bluu kwa chuma chenyewe, nyeusi kwa meno ya bandia. Mbele ya meno ya mtu kila mwanafunzi ana akili yake, na Bi Kulabu alizoea kusema kwamba ukiwapa wanafunzi sita kinywa kimoja utapata michoro saba, kwa sababu Mbishi ataleta miwili. Alikuwa na mambo mawili aliyoyarudia mpaka tukayaota. La kwanza, bandia ni ya kinywa kimoja. Hata ndugu walionyonya titi moja hawaazimani. La pili, msidhani bandia peke yake ndiyo inayoandaliwa. Kinywa nacho huandaliwa kwa ajili ya bandia. Unachonga hapa, unalainisha pale, na jino linaloziba njia unaling'oa kabla hujachora.

Kuhusu maisha yake tulijua kama wanafunzi wanavyojua mambo ya walimu, nusu kwa kuambiwa na nusu kwa kuchungulia. Hakuolewa. Alipanga chumba karibu na chuo, na mama yake aliishi peke yake ng'ambo ya pili ya mji, katika nyumba ya ghorofa ambamo Bi Kulabu alizaliwa. Baba yake alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Yule mzee ndiye aliyevaa bandia bora kuliko zote alizowahi kuchora binti yake, na mchoro wa bandia ile aliufungia kwenye droo ya meza yake. Aliuonyesha mara moja tu kwa mwaka, siku ya somo la mwisho, kwa wale waliobakia bila kufeli. Sisi tulikuwa hatujafika huko.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Aliingia asubuhi amechelewa, na hilo peke yake lilikuwa jambo la kuandikwa. Akatoa mkobani modeli sita za taya moja la chini, nakala za chapa moja, akatugawia.

"Huyu si wa kabatini," alisema. "Ni mgonjwa wa kweli, mama mtu mzima, anakula kwa shida. Mchoro utakaokuwa bora ndio utakaotengenezewa bandia. Kila mtu akachore kwake, peke yake."

"Hatusomi kwanza?" niliuliza.

"Leo sina muda wa kusoma. Nina kikao."

Tulitazamana. Ilikuwa kama kumwona mpishi anapakua bila kuonja. Lakini nani angemfunza Bi Kulabu kazi? Tukafunga vinywa vyetu kwenye vitambaa, tukaondoka.

Kule nilikopanga niliiweka ile plasta juu ya meza karibu na dirisha, jua likiwa bado kali. Taya la mtu mdogo wa umbo. Magego yote ya kushoto hayapo. Upande wa kulia kuna pengo la gego dogo moja, na jirani yake, gego dogo la pili, limesimama imara kabisa. Kinywa cha namna hiyo ni kigumu, kwa sababu upande wa kushoto bandia haina mhimili wa nyuma, inacheza kama mlango wenye bawaba moja. Nilitegemea kuchora na kufuta mpaka jioni. Badala yake mkono ulikwenda wenyewe. Penseli ya bluu niliiweka nyuma ya meno ya mbele, chini ya pale ulimi unapolala, mahali pa kupitisha upinde wa chuma, nayo ikateleza kutoka kushoto hadi kulia bila kutetemeka, kana kwamba imeshikwa mkono. Kulabu zikaja. Vikalio vikaja. Kabla chai yangu haijapoa nilikuwa nimemaliza. Wacha niseme ukweli, nilijisifu. Nilisema, Mbishi, leo umekuwa fundi. Kisha nikaitazama tena ile plasta, na bila sababu yoyote nikaifunika na kitambaa.

Kipindi kilichofuata Bi Kulabu alipanga michoro yetu sita mezani, mmoja baada ya mwingine. Alitembea kutoka mwanzo wa meza hadi mwisho, akarudi. Mwenzetu mmoja akaanza kukohoa kwa wasiwasi.

"Nani kafungua droo yangu?" akauliza.

Sote tukaitazama ile droo.

"Nauliza kwa mara ya mwisho. Michoro sita, na yote ni mmoja. Upinde ule ule, kulabu zile zile, hata ile ndefu ya kulia inayopita juu ya ufizi, ambayo sijawafundisha. Nani kafungua?"

Akachomoa ufunguo shingoni, akafungua droo, akatoa karatasi iliyokuwa imekunjwa mara moja. Akaiweka katikati ya michoro yetu. Jamani! Ilikuwa ni bandia ile ile. Tofauti ilikuwa moja tu, kwamba upande wa kulia yeye alikuwa amechora meno mawili ya bandia, sisi tumechora moja.

"Mmenakili, halafu mkasahau jino," alisema. "Hata wizi hamuuwezi. Mtakwenda kwa mkuu wa chuo, wote."

Mwenzangu mmoja, binti mpole ambaye hata kupiga chafya alikuwa akiomba radhi, akaanza kulia. Mimi nikiona mtu analizwa bure damu yangu huchemka.

"Mwalimu, droo yako mimi sijui hata inafungukia upande gani."

"Mbishi, nyamaza."

"Sinyamazi. Hatukunakili. Ule mstari tuliukuta."

"Mstari gani?"

Hapo nami ndipo nilipojua ninachokisema. Nilichukua modeli yangu, nikachukua kifutio, nikaufuta upinde wa bluu wote mbele ya macho yake. Kisha nikampa aguse. Rangi ilikuwa imetoka, lakini pale ilipokuwa palibaki mfereji mwembamba ndani ya plasta, umepita chini ya ulimi kutoka upande mmoja hadi wa pili. Penseli zetu zote sita zilikuwa zimetumbukia humo. Kwenye ufizi wa kulia palikuwa na alama ya ile kulabu ndefu, na upande wa kushoto, kwenye ufizi mtupu, kulikuwa na duara lililobonyea, na ukingoni mwake kidonda.

"Huyu mgonjwa tayari anavaa bandia," nilisema. "Na si yake. Imembana hapa, na hapa imemchimba. Ungeturuhusu kusoma tungekuambia."

Bi Kulabu alipitisha ukucha kwenye mfereji ule. Akaupitisha tena. Kisha akaenda kabatini, akapanda juu ya kiti, akatoa kwenye rafu ya juu kabisa taya moja la manjano, akaja kuliweka kando ya langu.

"Huyu ni baba yangu," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. "Na huyu mgonjwa wenu ni mama yangu."

Lile taya la mzee lilikuwa pana na hili la mama lilikuwa dogo, lakini mapengo yalikuwa ndugu. Magego ya kushoto, hakuna huku na hakuna kule. Gego dogo la kulia, hakuna huku na hakuna kule.

"Baba alipokufa, mama alikuwa na meno yake yote," alisema. "Yote. Alikuwa akifungua chupa za soda kwa meno, tunamgombeza. Halafu akaanza: mwanangu, gego limeniuma, nimekwenda nikang'olewa. Namwambia pole. Baada ya muda, jingine. Kila mara kliniki tofauti. Namwambia pole mama, ni uzee. Juzi nimempiga chapa ya kinywa mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, na sikuona."

Mganga hajigangi, na mamaye vilevile hamgangi. Sote tulilifikiria.

Kisha kidole chake kikasimama juu ya lile gego dogo la pili, la kulia, lililosimama imara kwenye taya la mama yake. Kwenye taya la mzee, mahali pale palikuwa patupu.

"Limebaki hili," alisema.

Akatoa simu. Akafungua kipaza sauti, akaiweka mezani, na mlio wake ukasikika chumba kizima. Iliita muda mrefu ndipo ikapokelewa.

"Mama, uko wapi?"

"Nipo nyumbani, mwanangu, salama. Tunakula."

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee mchangamfu, isipokuwa kila ilipofika herufi ya kupuliza, kama s, ilitoka na mluzi mdogo. Nilimwona Bi Kulabu anafumba macho. Baadaye aliniambia kwamba mluzi ule ulikuwa wa baba yake.

"Mnakula wewe na nani?"

"Usinichekeshe, nitapaliwa. Kesho usije asubuhi, nina miadi ya jino. Hili la kulia linanisumbua. Haya, chakula kinapoa."

Simu ikakatika. Bi Kulabu alikusanya vifaa kwenye mkoba wake, koleo, tupa, kimsumeno chembamba, kopo la unga wa kutandikia bandia. Akanitazama.

"Mbishi, twende. Nahitaji mtu wa kunikorogea. Na ninahitaji mtu atakayeniambia ninachokiona."

Tulivuka mji, yeye amekumbatia mkoba wake. Nyumba ilikuwa ghorofa ya pili, ngazi za saruji zilizolika katikati, ukutani waya za umeme zimefungwa kwa kamba. Watoto walikuwa wakicheza mpira uani na redio ya jirani ilikuwa ikitangaza bei za vitu. Ilikuwa mchana kweupe. Nasema hivi kwa sababu watu wakinisikia hudhani ilikuwa usiku.

Mlango haukuwa umefungwa. Mama yake alikuwa ameketi mezani, kitambaa cha plastiki cha maua kimetandikwa vizuri, mkate na nyama ya kuchemsha. Sahani moja, vijiko viwili, kimoja kila upande.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, tumeanza." Akaendelea kutafuna.

Nisikilizeni vizuri hapa. Taya la chini ni mfupa mmoja. Upande mmoja ukishuka, wa pili hushuka nao, hilo unafundishwa mwaka wa kwanza wiki ya kwanza. Mimi nilikuwa nimefundishwa kutazama mataya, na nilitazama. Shavu la kulia la mama yule lilikwenda haraka haraka, kama mtu mwenye kazi zake. Shavu la kushoto lilikwenda polepole, likapumzika, likasaga tena, kama mzee asiye na haraka. Nywele zilinisimama. Nilirudi nyuma mpaka nikagusa mlango.

"Mama," alisema Bi Kulabu, "vua hicho kitu."

"Ngoja, bado hajamaliza."

"Nani hajamaliza?"

"Baba yako. Upande wa kulia nakula mimi, wa kushoto anakula yeye. Mbona umekonda hivyo? Kaa basi."

Alimeza, akafuta mdomo kwa kitambaa, na kwenye kitambaa kulibaki damu kidogo. Hakuitazama. Bi Kulabu alivuta kiti, akaketi karibu naye mpaka magoti yakagusana.

"Mama, umeng'oa meno mazima."

"Nimeyang'oa."

"Kwa nini?"

"Wewe unaniuliza mimi?" Hakuwa na hasira, ila alishangaa kweli. "Hospitali walitukabidhi saa yake, miwani yake, na meno yake kwenye karatasi. Nikakuambia, mwanangu, mrudishie meno, asiende hivyo. Ukaniambia, mama, hana haja nayo tena. Basi akaenda bila meno. Akaanza kunijia. Haongei, anasimama pale mlangoni amefumba mdomo, kama alivyokuwa akifumba akiona haya mbele ya wageni. Nani anamtafunia kule? Nikasema, kama yeye hawezi kuyavaa, nitayavaa mimi."

"Hayawezi kukuenea. Hakuna bandia—"

"Hayakunienea. Lakini wewe ulikuwa ukikaa hapa hapa sebuleni unafanya mazoezi ya somo lako, mimi niko jikoni nakusikia. Kinywa nacho huandaliwa. Jino linaloziba njia hung'olewa kwanza. Sasa nimekosea wapi?"

Nimemwona Bi Kulabu akijibu maprofesa. Siku ile aliufungua mkoba wake, akaufunga tena. Nilimhurumia mpaka nikaona aibu ya kuwa pale.

"Inakaa juu juu," mama aliendelea, akigusa shavu la kulia. "Hili jino ndilo linaloizuia. Kesho likitoka itashuka, na yeye atatulia, hatanichimba tena."

"Mama, jino hilo ni zima. Likitoka hilo, yanayofuata yatalegea moja moja. Utabaki na ufizi. Utabaki hata bandia huna pa kuishika."

"Mwanangu, mimi wa nini na meno?"

Uani mpira uligonga ukuta na watoto wakashangilia. Bi Kulabu alikuwa akimtazama mama yake, na nilimwona akiacha kuwa daktari. Sijui nieleze vipi. Mabega tu yalishuka.

"Nikiifanya ishuke bila kung'oa," aliuliza, "utaliacha hilo jino?"

Mama alifikiri kwa dhati, kama mtu anayepatana bei sokoni. "Ikishuka sina haja ya kwenda. Lakini si utaikata?"

"Nitaikata jino moja. Hilo la kulia la pili, kwa sababu pale wewe unalo lako."

"Itamuuma?"

"Haitamuuma."

Akavua. Iliacha ufizi kwa sauti ya mnyonyo, na uso wa mama ukarudi kuwa uso wa kizee mmoja tu, aliyechoka. Bi Kulabu aliishika ile kazi yake bora, chuma chake bado kinang'aa, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akaanza msumeno. Alikata taratibu sana. Jino la bandia lilidondoka juu ya kitambaa cha maua, na mama akalidaka upesi akalifumba kwenye ngumi. Kulabu ile ndefu ya kulia ikakunjuliwa kwa koleo, ikakunjwa upya mahali pengine. Tupa ikapita. Mimi nikakoroga unga na maji yake kwenye kikombe cha chai, nikatandika upande wa kushoto, pale kwenye kidonda, na kila Bi Kulabu alipoijaribu kinywani mwa mama yake aliuliza, "Inakugusa wapi?" na mama akajibu, "Hapa," akapunguza, "Hapa," akapunguza, mpaka mama akasema, "Haigusi popote."

Ilikuwa kazi ambayo mwalimu wa chuo chochote angejivunia kuionyesha. Nilisahau hofu yangu kwa dakika kadhaa, nikawa mwanafunzi tu.

Mama alifunga mdomo, akaufungua. Akasema, "Salama, sasa, sabuni," kwa kuijaribu, na mluzi haukuwapo. Akachukua kipande cha nyama, akatafuna. Nilitazama mataya yale kwa hofu yote niliyonayo. Kulia na kushoto yalikwenda pamoja, mfupa mmoja, kama inavyotakiwa. Nikashusha pumzi. Bi Kulabu naye alikuwa akitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile nusu ya tabasamu ikampita.

Mama akaacha kutafuna. Akaweka kiganja kwenye shavu la kushoto, akasikiliza.

"Ameacha," alisema.

Bi Kulabu akaweka koleo chini.

"Upande wa kushoto natafuna mimi. Haumi, hanichimbi. Imekaa vizuri, mwanangu, mikono yako ni hodari." Macho yake yalizunguka chumba, yakafika mlangoni, yakarudi. "Lakini hayupo. Umempeleka wapi?"

Nilifikiri Bi Kulabu atasema lile la plasta na hisia. Mwanamke huyu hakuwahi kumwambia mgonjwa uongo hata wa kumfariji. Tulimwona akiwaambia watu ukweli mpaka tukajificha nyuma ya mlango. Alishika ile ngumi iliyofumbata jino kwa mikono yake yote miwili.

"Ameshiba, mama."

"Hakuwa mtu wa kushiba upesi."

"Miaka miwili umemlisha. Amekula, ameshiba, ameondoka mezani."

Mama alimtazama muda mrefu, akimkagua usoni kama anatafuta mahali uongo ulipoanzia. Kisha ile ngumi ikalegea, na jino likabaki kwenye kiganja, dogo, safi, halina mtu.

"Basi nimebaki peke yangu," alisema.

Na hapo ndipo alipolia. Bi Kulabu aliniambia baadaye kwamba siku ya mazishi mama yake hakutoa hata chozi, wala siku zote zilizofuata. Alilia kwa kinywa wazi, kichwa kimeegemea nyuma, mwanaye amemkumbatia kiunoni, na kutoka nilikosimama niliweza kuliona lile gego lake la kulia, jino zima, liko mahali pake.